Shoka Liliangukia Wapi?

Andiko: 2 Wafalme 6:1–7

Wiki hii nitaanza na kosa langu. Wengi wenu mlinisikia nikilisema madhabahuni Jumapili, lakini Mchungaji Mkuu ameniomba niliandike pia, kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo.

Mnajua mimi ndiye nimekuwa nikiweka rekodi za mfuko wa faraja. Nani ametoa, ametoa ngapi, nani amefiwa, amepewa ngapi. Miaka sita yote ilikuwa kwenye laptopu yangu. Nimesomea biashara chuo kikuu, na hata nimefundisha vikundi vya kina mama hapa kanisani jinsi ya kutunza vitabu vya pesa. Lakini nakala ya pili sikuwa nayo. Hata kwenye flashi.

Siku moja laptopu ikaanza kulia. Tik. Tik. Tik. Kufungua faili moja ikawa ni kama kungoja matatu siku ya mvua. Ndani yangu nilijua kuna shida. Lakini niliizima, nikaiwasha, ikaamka, nikasema “Asante Yesu,” nikaendelea na kazi. Wiki tatu nzima.

Kisha faili ya faraja ikakataa kufunguka. Nikatafuta programu ya kurudisha faili, nikaiingiza kwenye diski hiyo hiyo, nikaiacha ikizunguka usiku kucha. Asubuhi laptopu haikuwaka.

Wiki hiyo hiyo mama mmoja wetu akafiwa na mumewe. Kamati ikaniomba rekodi yake. Nikajibu, “Mitambo iko na shida kidogo, nipeni siku mbili.” Siku mbili zikawa kumi na moja. Mama akazika kwa pesa ya kukopa. Na kumbe muda huo wote alikuwa akijiuliza kama kanisa linamshuku kwamba hakuwa akitoa.

Ndipo nikaenda kwa fundi, pale Luthuli Avenue, Nairobi. Kijana tu, hata miaka thelathini hajafika. Akaniuliza, “Pasta, ilianza kulia lini?”

“Juzi tu.”

“Na tangu ianze kulia, umeiwasha mara ngapi?”

“Mara moja, mbili hivi.”

Akaweka bisibisi chini. “Pasta, mimi si polisi. Nauliza ndio nijue pa kuanzia.”

Niliona haya. Nikamwambia yote.

Akanieleza kwamba ndani ya diski ya aina ile mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo cha kusoma kinachoelea juu yake bila kuzigusa. Nafasi iliyo katikati ni nyembamba kuliko unywele, tena kwa mbali sana. Ile tik tik mara nyingi ni kichwa kikitafuta pa kusoma na kukosa. Ukizidi kuwasha, kichwa kibovu kinaweza kuikwaruza sahani, na palipokwaruzwa hapana fundi wa kuparudisha. Na ile programu yangu? Ilikuwa inampa mgonjwa mzigo abebe, tena ingeweza kuandikwa juu ya yale yale niliyokuwa nikiyatafuta.

Aliitoa diski, akaiunganisha na mashine yake kwa namna ambayo hakuna kitu kipya kingeandikwa juu yake. Akaanza kuinakili yote kwenye diski nzima. Kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi. Zile sugu akaziruka, akazirudia baadaye pole pole. Ilichukua siku mbili, usiku na mchana. Faili akazitafuta kwenye nakala, sio kwenye ile iliyo mgonjwa. Akasema nimebahatika. Kichwa kingekufa kabisa, diski ingebidi ifunguliwe kwenye chumba kisicho na vumbi, kwa gharama nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye Neno. Wana wa manabii walikuwa Yordani wakikata miti, chuma cha shoka la mmoja kikatumbukia majini. Akalia, kwa sababu shoka lenyewe lilikuwa la kuazima. Elisha hakumkaripia. Alitaka kujua jambo moja tu: pale lilipoangukia. Yule kijana akamwonyesha mahali, na hapo ndipo muujiza ulipoanzia.

Wapendwa, zile rekodi hazikuwa zangu. Zilikuwa za kuazima, zilikuwa zenu. Na kwa wiki tatu nilizunguka kando ya maji nikijifanya shoka bado liko kwenye mpini. Kuharibika kwa diski sio dhambi. Vyuma huchoka. Dhambi ilikuwa ule uongo wa siku mbili.

Rekodi za miaka mitano zilirudi. Za miezi kumi ya mwisho hazikurudi, na sitawadanganya kwamba zitarudi. Kwa hivyo Jumapili nikasimama, nikasema. Kabla hatujafunga ibada, mlianza kuja na risiti, na daftari, na ujumbe wa M-Pesa kwenye simu. Yule mama mjane alikuja na bahasha. Risiti zake zote za miezi kumi, zimefungwa kwa uzi. Akaniambia, “Pasta, mwanangu, ungesema siku ya kwanza, ningezileta siku hiyo hiyo.”

Sijapata mahubiri makali kuliko hayo.

Ndugu yangu, dada yangu, ni nini kinacholia tik tik kwako? Labda ni mkopo ambao mwenzako wa ndoa hajui. Labda ni uvimbe unaouficha huku ukisema unaamini. Amini, na uende hospitali. Labda ni mtoto ambaye hazungumzi tena mezani. Unazima, unawasha, kikiamka unashukuru. Acha kuwasha. Nenda kwa Bwana, na kwa yule uliyemkosea, useme limeangukia wapi. Yeye haulizi ili akuaibishe. Na hata chuma kilipoelea, yule kijana alilazimika kunyoosha mkono akichukue.

Mfuko sasa una nakala tatu: moja ofisini, moja kwenye diski ya pembeni, na moja nyumbani kwa mweka hazina. Yule mama amelipwa pesa yake yote. Deni la zile siku kumi na moja bado namwomba msamaha.

Tuombe: Baba, tupe ujasiri wa kuonyesha mahali. Tusamehe siku tulizozungukazunguka. Kinachoweza kurudi, kirudishe. Na kwa kisichorudi, tupe ndugu wa kutushika mkono. Katika jina la Yesu. Amina.