Gitaa la Karatasi

Ndugu msomaji, hebu nikuulize: mtu anayetengeneza magitaa lakini anakula kwa kuuza sahani, tumwite nani? Fundi gitaa au muuza vyombo? Swali hili limenikaa rohoni kwa sababu nami ni wa kundi hilo. Nilimaliza kidato cha nne, mchana nabangaiza na kibiashara changu, usiku naandika riwaya. Mjomba wangu anasema mwandishi asiyelipwa ni mvivu mwenye kalamu.

Tumtazame basi Antonio de Torres wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1817 akafariki 1892. Alianza kama seremala wa kawaida. Magitaa mengi ya klasiki yanayoundwa kwa mkono hadi leo yanafuata umbo alilolipanga yeye. Lakini mnamo 1870 alifunga karakana yake mjini Sevilla, akarudi kwao Almería, na pamoja na mkewe akafungua duka la vyombo vya kaure. Miaka ilipita ndipo akashika tena randa, tena kwa saa za ziada tu.

Wapo watakaosema aliisaliti sanaa. Mimi nakataa. Usaliti ungekuwa kulipua magitaa ili yauzike upesi. Sahani ziliingiza chakula nyumbani, gitaa likanusurika kugeuzwa mtumwa wa tumbo.

Tena fundi huyu alikwisha kutupa somo mapema. Mwaka 1862 aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi ngumu, boksi tu bwana! Ubao wa mbele peke yake ndio aliouunda kwa mbao halisi, kwa uangalifu wake wote. Alitaka kuonyesha kwamba sauti hasa hutoka hapo. Wanunuzi wengi hutazama mgongo: mbao za thamani, mpingo wetu ukiwamo, zimesuguliwa zikang'aa. Kumbe msemaji ni ule ubao mwembamba wa mbele, wenye milimita mbili na ushee. Fundi huuparaza, akaugonga kwa kidole, akasikiliza, akaparaza tena. Akiuacha mnene, sauti inafungwa ndani. Akiupunguza mno, nyuzi zinaupinda.

Hapo ndipo ninapoliona jibu langu. Anayechagua kazi ya mikono au ya kalamu anaweza kuishi na mambo mengi ya boksi: nguo, chumba, cheo, hata kibarua kinachomlisha. Ila ipo sehemu moja isiyokubali boksi. Kwa fundi ni ubao wa mbele. Kwangu ni ukweli wa ninachokiandika.

Kwa hiyo, wenzangu, tukitaka kujifunza ufundi wowote, "inalipa?" ni swali halali, maana njaa haina adabu. Lakini si swali la kwanza. La kwanza ni hili: sehemu ipi ya kazi hii sitailipua, hata kama hakuna mnunuzi anayeitazama? Asiyeweza kulijibu, heri auze sahani moja kwa moja. Nayo ni kazi ya heshima.