Tairi Linapoviringishwa Barabarani

Kijana wangu wa Engutoto, kupenda ulikozaliwa si kosa, wala kudai kwenu kuheshimiwe si uasi. Sikuandikii unyamaze. Naifikiria ile saa watu mmekwisha kukusanyika, mmoja anaviringisha tairi kuukuu, mwingine ana petroli kwenye chupa ya maji, nawe una dakika chache za kuamua usimame na nani.

Zanzibar waliipitia saa hiyo mwaka 2012. Jumuiya ya Uamsho, ya kidini ya Kiislamu, ilikuwa ikihutubia umati, ikitaka Wazanzibari waulizwe kwa kura kama wanautaka Muungano. Swali lilikuwa halali. Mwishoni mwa Mei kiongozi wao mmoja akakamatwa, vijana wakaingia barabarani, makanisa yakachomwa moto. Oktoba, kiongozi mwingine wa Uamsho, Sheikh Farid Hadi, alipotoweka kwa siku kadhaa, ghasia zikarudi: mawe na magogo barabarani, matairi yakiwaka, askari polisi akauawa Bububu. Hebu niambie, waliokuwa wakisali katika makanisa yale walitia saini Muungano gani?

Baadaye masheikh wa Uamsho walishtakiwa kwa ugaidi, wakasota mahabusu miaka mingi bila hukumu hadi mashtaka yalipofutwa Juni 2021. Hiyo nayo ni dhuluma, na nailaumu dola kwa hilo. Lakini dhuluma ya dola haikuhalalishii kumuunguza jirani.

Sisi wa chini ya Mlima Meru tuna wazee wa kuwatazama. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wa Kizungu wapewe ardhi. Nyumba ziliteketezwa, na aliyewasha moto ni serikali. Mtu aliona mifugo yake ikifa, kisha akatengewa fidia, akaikataa. Hapo ndipo ninapowastahi mno, maana kukataa pesa ukiwa huna paa kunataka moyo kuliko kurusha jiwe. Badala ya kulipiza kwenye mashamba ya walowezi walichangishana, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Kura hazikutosha, ardhi haikurudi wakati ule. Japhet aliporejea akazunguka nchini kuwasimulia watu, na dai la Wameru likawa la Watanganyika wote. Hakuna aliyeweza kuwanyooshea kidole kwa maiti wala majivu, apate kisingizio cha kutowasikiliza.

Basi tairi likifika, uliza kwa sauti ya kusikika: nani kaamua tuchome? Mara nyingi hajulikani, au hatakuwepo mabomu ya machozi yakianza. Sauti iliyorushwa kwenye simu bila jina la msemaji, usiisambaze. Dereva wa bodaboda au mama wa mboga asiye wa kabila lako akikwama katikati, mpitishe wewe mwenyewe hadi avuke, hata wenzako wakikuita msaliti. Ukishindwa kuwazuia, ondoka mapema, na uondoke na mdogo wako.

Nanyi wazee, laigwanani viongozi wetu wa mila, madiwani na maofisa wenye mihuri, msingoje moshi ndipo muitishe baraza. Kuna vijana walioleta barua zao ofisini kwa heshima, wakaambiwa warudi kesho, na kesho yake tena. Zitoeni barua hizo kwenye mafaili wiki hii, mwajibu wenyewe ana kwa ana, hata kama jibu ni hapana.