MTOTO WA KANISA LINGINE KATIKA SHULE YETU



Huku Masisi, mwalimu wa shule moja ya kanisa letu alimrudisha nyumbani mtoto wa darasa la tatu. Kosa lake? Alikataa kuvua viatu wakati wa sala ya asubuhi, kwa sababu kwao hawasali hivyo. Wazee wengi walimsifu mwalimu: shule ni yetu, asiyetaka sala yetu atafute nyingine. Mimi, shemasi, nilinyamaza.

Wandugu, je, tumesahau upesi hivi? Papa Simon Kimbangu alikufa gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo. Katika miaka ile ya 1950 watoto wa waamini wake walifukuzwa katika shule za wamisioneri, kosa lao likiwa ni imani ya wazazi. Ndipo wazee wetu wakaanza shule zao wenyewe. Shule zetu zilizaliwa na machozi ya mtoto aliyefukuzwa!

Mtu ataniuliza: basi kanisa liwe na shule kwa faida gani, kama halifundishi imani yake? Tufundishe, tena kwa bidii. Mwisho wa 1974 Mobutu alitwaa shule za makanisa, akaondoa somo la dini. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ilitia sahihi mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na sisi, tukarudishiwa uongozi wake. Lakini mshahara wa mwalimu (ukifika!) unatoka mfuko wa Serikali, ambamo mna kodi ya baba wa mtoto yule pia. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 45, inasema mafundisho ya dini hufuata imani ya mtoto, wazazi wakiomba.

Tena tazameni milima yetu. Tangu vita vya 1993, vilivyoanza Walikale vikafika Masisi, jirani anamwogopa jirani. Penye shule moja tu, mtoto aliyefukuzwa ataenda wapi? Wako watu porini wanaompokea bila kumwuliza dini, nao wanampa bunduki.

Tunasema Bolingo, Mibeko, Misala. Upendo umetajwa kabla ya amri.

Nilikwenda kwa baba yake kuomba msamaha. Aliniuliza kama mtoto akirudi atavuliwa viatu kwa nguvu. Nikajibu: hapana, atakaa kimya kwa heshima wenzake wakisali. Alinishukuru. Hata leo mtoto hajarudi.