Dini na Mahali pa Kuzaliwa

Mtu hachagui mahali pa kuzaliwa, kama asivyochagua wazazi wake wala sura yake. Neno hili hukubaliwa na watu wote bila ubishi. Lakini ukiongeza kuwa dini nayo, kwa wengi wetu, imetufikia kwa njia iyo hiyo, nyuso hukunjamana. Maana kila mtu hupenda kudhani kuwa yeye anashika dini yake kwa kuwa ni ya kweli, na kuwa jirani yake anashika ya kwake kwa kuwa alizaliwa pale alipozaliwa. Nataka kulipima jambo hili kwa mfano wa nchi niliyotoka, kwa sababu huko linaonekana kwa macho.

Katika mteremko wa kusini wa mlima wa Kilimanjaro, Machame na Kibosho ni nchi mbili zinazopakana. Watu wake hupanda migomba na kahawa, hunywa mbege, na asubuhi hutazama kilele kimoja cha Kibo. Ila ukivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili siku ya Jumapili, umetoka katika nchi ya Walutheri, umeingia katika nchi ya Wakatoliki. Si kwamba wazee wa Machame walikaa kitako wakazipima hoja za Luther wakaziona nzito, wala si kwamba wazee wa Kibosho walizipima wakaziona nyepesi. Mwaka 1893 wamisionari wa shirika la Leipzig walifika Machame. Mwaka huo huo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamekwisha kutua Kilema tangu 1890, walifungua kituo Kibosho. Kila upande ukapata wageni wake, kila mgeni akajenga shule yake, na watoto waliokwenda kutafuta herufi wakarudi na majina ya ubatizo.

Uzi huu waweza kuvutwa nyuma zaidi. Kwa nini watu wa Leipzig walikuwa Walutheri? Mji ule ulikuwa chini ya Georg, mtawala wa sehemu moja ya Saksonia, Mkatoliki shupavu aliyempinga Luther mpaka alipokufa mwaka 1539. Wanawe wa kiume walikuwa wamekwisha kufa mbele yake, na nchi ikamwangukia ndugu yake Heinrich, aliyekuwa upande wa Luther. Mwaka ule ule kanisa la mji likageuzwa. Mwaka 1555, huko Augsburg, watawala wa Ujerumani wakaafikiana kuwa dini ya nchi itamfuata mwenye nchi. Basi kama mmoja wa wana wa Georg angaliishi akamrithi baba yake, yamkini babu yangu, aliyebatizwa Machame karibu miaka mia nne baadaye, asingalikuwa Mlutheri. Naungama kuwa siku nilipolitambua hili nilitikisika.

Wako wasemao hapo kuwa dini yote ni bahati tu, na kwamba lililoletwa na bahati haliwezi kuwa kweli. Hoja hii ni dhaifu kuliko inavyosikika. Mimi najua kuwa saba mara nane ni hamsini na sita kwa sababu mwalimu alinichapa mpaka nikajua. Fimbo ile ndiyo chanzo cha maarifa yangu, lakini haikuifanya hesabu kuwa uongo. Namna imani ilivyomfikia mtu ni jambo moja, na ukweli wake ni jambo jingine. Hata hivyo tusijifurahishe upesi. Saba mara nane ilifundishwa Kibosho kama ilivyofundishwa Machame. Pale ambapo fimbo mbili, kila moja upande wake wa bonde, zimefundisha majibu mawili, mwenye busara hana budi kujiuliza kama anashika lake kwa kuwa ameliona kuwa kweli, au kwa kuwa bado anaikumbuka fimbo.

Swali hili lilimtaabisha Imamu Ghazali zamani sana. Alieleza mwenyewe jinsi alivyoona watoto wa Wakristo wakikulia katika Ukristo, wa Wayahudi katika Uyahudi, na wa Waislamu katika Uislamu, akakoma kuridhika na mambo ya kurithi. Mwaka 1095 aliacha ualimu wenye heshima kubwa katika chuo cha Nizamiya mjini Baghdad, akaishi maisha ya msafiri huko Sham na Hijazi. Mwisho wa safari zake alikuwa katika dini ile ile aliyozaliwa nayo. Mwenye kejeli atauliza safari yote ile ilikuwa ya nini. Mimi naona kuwa mtu aliyeondoka nyumbani akarudi hakai katika nyumba hiyo kama yule asiyetoka kamwe. Lakini haki yataka niseme pia kwamba Mkristo wa zama zake, kama angaliondoka kwa moyo ule ule, huenda naye angalirudi kwao.

Wala asiyeamini asicheke. Katika Leipzig ya leo, baada ya miaka 40 ya serikali ya kikomunisti iliyosimama tangu 1949, wengi wa wakazi hawamo katika kanisa lolote, na mji uliopeleka wahubiri Machame una waumini haba kuliko Machame. Mtoto wa huko hukua bila sala kama mtoto wa kwetu akuavyo na sala, na wote wawili hudhani kuwa wameongozwa na akili zao. Kutoamini nako kuna kwao.

Haya yangalikuwa mchezo wa wasomi kama yasingaligusa watu. Shangazi yangu aliolewa Kibosho mwaka 1958, akaingia kanisa la mumewe. Babu hakuhudhuria arusi. Kwa miaka 11 hakukanyaga nyumba ya binti yake, wala jina lake halikutajwa mbele yake. Alisema kuwa binti ameitupa imani ya baba zake. Baba zake! Mzee aliyemzaa babu alimwomba Ruwa, akachinja mbuzi kwa ajili ya mizimu ya ukoo, wala hakubatizwa mpaka kufa. Aliyekuwa wa kwanza kuondoka ni babu mwenyewe, angali kijana, kwa sababu ya shule. Na bonde alilovuka yeye lilikuwa pana kuliko la binti yake. Alikuwa amesahau. Simlaumu sana, maana imani iliyokaa nyumbani miaka 40 husahau kuwa iliingia kama mgeni.

Shangazi alipokuwa mzee nilimwuliza kama aliliamini kanisa lile la pili, au alimfuata mume tu. Alikuwa akimenya ndizi, wala hakuacha.

“Kule nilipelekwa na baba, mwanangu, na huku nililetwa na mume,” alisema. “Lakini usiku ule mtoto wangu alipozidiwa na surua, aliyeomba nilikuwa mimi.”

Mtoto yule hakupona. Babu alivuka bonde kwa mara ya kwanza siku ya maziko yake, akasimama nje ya mlango wa kanisa, kofia mkononi, mpaka sala zikaisha.