Hadithi Isiyo na Msimulizi

Hadithi ya Kiswahili haianzi mpaka iitikiwe. Msimulizi husema "Paukwa," na wasikilizaji wasipojibu "Pakawa" hana ruhusa ya kuendelea. Desturi hii huonekana kama mchezo wa watoto, walakini ndani yake mna sheria: asimulie yule aliyepewa idhini, mbele ya watu wanaoweza kumkatiza.

Katika matamasha ya sanaa umeingia mtindo usioijua sheria hiyo. Mgeni hupewa ramani, au sauti iliyotiwa katika simu, akaenda peke yake mtaa kwa mtaa. Kila afikapo mahali palipotajwa husimuliwa jambo lililopata kutokea hapo. Jamaa za mtindo huu ni za zamani. Tangu mwaka 1867 kuta za nyumba za London zimepachikwa vibao vya kutaja watu mashuhuri walioishi humo, na Janet Cardiff, msanii wa Kanada, alianza kutunga matembezi ya sauti mwaka 1991. Hapana ubaya katika kuiga. Lakini mtu atakaye kuandaa matembezi kama hayo Mbagala hana budi kuulizwa: ni nani aliyemwitikia?

Mwanzo wa njia ni mwepesi. Barabara ya Kilwa hutoka mjini ikapita Mtoni kwa Aziz Ali. Makondakta wameliita jina hilo miaka na miaka, na abiria wameshuka bila kumfikiria mwenyewe. Kumkumbusha abiria kwamba jina hilo ni la mtu, na kwamba mwanawe, Dossa Aziz, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954, ni kumlipa marehemu deni lake bila kumdhulumu aliye hai. Mbele zaidi ni Rangi Tatu, lango la kusini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, msafiri wa Lindi na Mtwara alitegemea kivuko, na masika yalipokaza safari yake iliweza kugeuka ya siku nyingi. Hadithi za matope na njaa ya njiani husimulika hata kwa kicheko, kwa kuwa shida yake imekwisha.

Iko shida isiyokwisha. Jumatano, tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha katika kambi ya jeshi ya Mbagala lililipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, mamia walijeruhiwa, nyumba nyingi zilibomoka, na watoto walipotezana na wazazi wao katika mbio. Hapana mwandaaji atakayeacha kukitamani kituo hiki, maana ndicho kinachochoma moyo. Na hapo ndipo mashaka yalipo. Msimulizi aliye hai humwona mama aketiye mlangoni akiuza vitumbua, akapunguza sauti, au akanyamaza kabisa. Sauti ya simu haioni. Humwambia aliyefiwa na aliyekuja kujifurahisha kwa lafudhi ile ile. Na yule mama huona wageni wakisimama, masikio yameziba, wakiutazama ukuta wake, kisha wakaondoka bila hata salamu. Msiba wake umesimuliwa mbele yake, naye hakuusikia.

Pengine mtu atasema, basi na pafichwe. Ushauri huo ni wa huruma, lakini nao una hatari. Tarehe 16 Februari 2011, kabla miaka miwili haijatimia, maghala ya Gongo la Mboto yalilipuka vile vile, na watu wengine wakafa. Anayezaliwa leo kando ya kambi ana haki ya kuyajua hayo. Kunyamaza nako ni kuamua kwa niaba ya wengine.

Idhini, basi, itoke kwa nani? Mwenyekiti wa mtaa aweza kutoa ruhusa ya njia. Ruhusa ya majonzi hanayo. Wala wafiwa wenyewe si lazima wapatane: mmoja ataka jina la mwanawe litajwe kila siku, jirani yake hataki kulisikia tena. Lililo la haki ni kwamba sauti iwe ya walioshuhudia, kwa maneno yao, na kila mmoja abaki na uwezo wa kuyaondoa maneno yake siku yoyote atakayo, hata kama tamasha limekwisha kutangazwa. Na sauti hiyo imwamrishe mgeni kutoa vifaa masikioni na kuamkia watu kabla ya kupita.

Lakini yako na mambo ambayo hata idhini haitoshi. Oktoba 2012 ugomvi wa watoto wawili juu ya Kurani ulizaa ghasia hapo Mbagala, na makanisa yakashambuliwa. Watoto wale sasa ni watu wazima. Msikilizaji aliye peke yake huweza kuichukua hasira ya siku ile bila ya jirani wa kumwambia "ngoja kwanza, haikuwa hivyo." Hadithi hiyo ingoje jioni, mkeka, na mzee anayeweza kuulizwa. Katika ramani mahali hapo pasiwekwe alama yoyote. Mshale uelekee tu kituo kinachofuata.