Je, Imani Hurithiwa Kama Shamba?

Kuna ulizo linalosumbua jamaa nyingi: mtu anayeacha dini ya wazazi wake, je, amewasaliti? Ili tulijibu vema, tutazame nchi ya Brazili, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Sheria kuu ya Brazili ya mwaka 1824 iliweka dini ya Katolika kuwa dini ya serikali. Serikali na Eklezya zilitengana mwaka 1890. Hata mwaka 1970, katika watu 100, Wakatoliki walikuwa 92 hivi. Lakini hesabu ya mwaka 2022, ya wenye miaka 10 na zaidi, ilionyesha Wakatoliki 57 tu katika 100. Waprotestanti, wengi wao Wapentekoste, ni 27. Wasio na dini ni 9. Na mmoja hivi hufuata Umbanda ao Candomblé.

Wengine watasema: «Watu wale wameharibika.» Tusiharakishe kuhukumu. Katika pori la Amazonia, vijiji vingi humwona padri mara chache tu kwa mwaka. Na maskini aliyehamia mji mkubwa, mara nyingi alikuta kwanza kanisa dogo la jirani, ambamo watu walimjua kwa jina na kumwombea mgonjwa wake. Wahenga walisema: Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Vivyo hivyo, kubatiza si mwisho wa kazi.

Tena tukumbuke watumwa, ambao wengi wao walitoka Kongo na Angola. Wengi walibatizwa bila kuulizwa neno. Hata hivyo, wamoja waliipokea imani kwa moyo, wakaunda vyama vya Bikira Maria wa Rozari, wakazika wafu wao kwa heshima na kukomboa ndugu zao. Wengine walishika kwa siri ibada za mababu, na humo ndimo ilimotoka Candomblé ya Bahia. Maji yalikuwa yale yale, lakini moyo haufunguki kwa fimbo.

Basi, je, dini zote ni sawa? Hapana, hatusemi hivyo. Mwenye kujua ukweli anapaswa kuutangaza. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Kwani shamba laweza kurithiwa na mtoto aliyelala. Imani yataka mtu aliye macho.

Kwa hiyo anayehama baada ya kutafuta ukweli kwa moyo safi hakuwasaliti wazazi, hata kama kuhama kwake kwatuhuzunisha. Anayehama kwa kuahidiwa mali hakuchagua dini, amechagua tumbo. Na anayebaki kwa sababu ya haya ya watu tu, yeye naye amebaki kwa jina, si kwa imani.

Katika nyumba nyingi za Brazili leo, mama husali Rozari na mwanawe huenda kwa Wapentekoste. Mama afanye nini? Asimlaani mwanawe, wala asifiche Rozari yake. Ampikie, amwombee, naye aishi imani yake vizuri hata mwana aone uzuri wake. Nasi tujiulize, kila mmoja wetu: tumebaki kwa nini?