Aliyelipiwa Ada, Ana Haki ya Kuchoka?

Lipo swali ambalo sisi wazazi wa hapa Sydney hatulipendi. Kijana aliyelipiwa ada, mwenye chumba chake, meza, kompyuta na intaneti isiyokatika, ana haki ya kusema amechoka? Jibu letu tunalo mfukoni: "Sisi tulisoma kwa koroboi." Likishatamkwa hilo, mazungumzo yamekwisha.

Mimi nami nilisoma kwa koroboi, kwa hiyo nina ruhusa ya kulipinga. Koroboi moja ilizungukwa na vichwa vinne, vitano. Bweni lilijaa watu, foleni ya uji ilikuwa na utani wake, na aliyeshindwa hesabu alimwona mwenziwe naye ameshindwa, wakacheka. Tulichokosa ni mwanga. Watu walikuwepo tele. Kijana anayesomea nyumbani leo mwanga anao. Lakini akikwama kwenye somo huona amekwama peke yake duniani, maana kwenye kompyuta wenzake ni majina matupu, kamera zimezimwa. Kulinganisha shida hizi mbili ni kama kupima uzito wa gunia kwa futi kamba.

Nchi hii yenyewe ililielewa jambo hilo zamani. Mwaka 1951 ilifunguliwa shule ya redio Alice Springs, kwa ajili ya watoto wa mashamba ya mifugo yaliyo mbali na miji. Masomo ya posta yalikuwepo tayari. Bi. Adelaide Miethke, aliyetoa wazo la kutumia redio za madaktari wa ndege, aliona jinsi watoto wale walivyokuwa na haya kwa kukulia mbali na wenzao. Alitaka wasikie sauti za watoto wengine.

Sisi tulikumbushwa kwa nguvu mwaka 2021. Sydney ilifungwa kuanzia 26 Juni hadi 11 Oktoba, na Blacktown na maeneo mengine ya magharibi, wanakoishi wengi wetu, yakaongezewa kwa muda amri ya kutotoka usiku. Mipaka nayo ilikuwa imefungwa tangu Machi 2020, kwa hiyo wapo waliosomea vyuo vya huku wakiwa Dar es Salaam au Nairobi. Kipindi cha saa tatu asubuhi cha Sydney kwao kilikuwa saa nane usiku, na saa za kiangazi zilipoanza huku, saa saba. Nyumba inaamka, yeye ndiyo kwanza analala, na shangazi anauliza mbona mtoto huyu mvivu hivi. Amri ziliondoka, lakini kusomea nyumbani kumebaki. Hata watu wazima wetu wanaofanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee husoma hivyo hivyo.

Nirudi kwenye swali. Ada ni zawadi au ni deni? Kama ni deni, basi kuchoka ni wizi, na mdaiwa atafanya kama wadaiwa wote: atajificha. Atajibu "niko sawa" akiwa nyuma ya mlango. Ampendaye sana mzazi wake ndiye atakayeficha zaidi, na hapo shukrani, ambayo ni kitu chema, humziba mdomo. Mimi nasema ada ni zawadi, hata kama uliuza shamba. Na mwenye kutoa zawadi huuliza hali ya aliyempa, siyo alama zake tu.

Wapo watakaosema huko ni kudekeza. Nimefanya kazi na mota miaka mingi. Mota ikipata joto kupita kiasi, fundi mwenye akili haisemi kwa uvivu. Hutazama kama hewa inapita na kama mzigo umezidi. Kijana anayeweza kutamka kwamba amechoka hajaacha masomo. Asiyethubutu kutamka ndiye wa kuogopewa.

La kufanya si kubwa. Mwite aje kula mezani na watu, sahani isimfuate chumbani. Siku nyingine aende akasomee maktaba ya mtaani, japo kila kitu kiko nyumbani. Kabla ya kuuliza alama, uliza kama amelala. Na akitamka kwamba hataki kuishi, usitafute pepo wala usiitishe kikao cha ukoo. Kaa naye, na piga Lifeline, 13 11 14, saa yoyote. Ni huduma iliyoanzia hapa hapa Sydney mwaka 1963, ikianzishwa na mchungaji Alan Walker. Hatari ikiwa ya papo hapo, ni 000. Asiyejimudu kwa Kiingereza apige 131 450, namba ya wakalimani wa serikali, aombe Kiswahili. Ziandikeni namba hizo, mzibandike kwenye friji, pembeni ya karatasi ya tarehe za kulipa ada.